Dayari za malengo ya roho, akili, mwili na jamii: ifungue kabla hujailipia

Kuanzia Desemba hadi Februari, steshenari za Mbeya na Iringa pamoja na meza za vitabu vya dini huwa na dayari za malengo. Nyingi ni za ukubwa wa A5, zimebaindiwa kwa springi, zina jalada gumu lenye maua au mstari wa Maandiko, na ndani zimegawa maisha sehemu nne: roho, akili, mwili na jamii. Hapa naitathmini aina hiyo ya dayari kwa ujumla wake, kwa sababu mpangilio wa kurasa zake unafanana sana na kasoro ya moja mara nyingi utaikuta kwenye nyingine. Nailinganisha na kaunta buku, yaani daftari kubwa, ya kwaya 2 (“2 quire”) iliyopigwa mistari kwa rula, na kwa kifupi nagusia programu za simu.

Mgawanyo wenyewe ni mzuri na una msingi. Luka 2:52 inamweleza Yesu akikua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu, na sehemu zote nne zimo humo. Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, lilisema afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Dayari zimeongeza roho, na huku kwetu kuiacha nje kungekuwa kosa: mtu wa Tukuyu au Mufindi anayekwenda ibadani kila wiki hawezi kupanga mwaka wake kana kwamba sala ni jambo la pembeni. Kinachoziangusha dayari hizi ni kurasa zinazofuata baada ya mgawanyo.

Anza na ukurasa wa malengo. Kila sehemu inapewa mistari 8 au 10 chini ya kichwa “Malengo yangu mwaka huu”. Mistari 10 mara sehemu 4 ni malengo 40, na hakuna mtu mwenye kazi, watoto na shamba anayebeba malengo 40. Lengo 1 kwa kila sehemu kwa miezi 3 linatosha. Kibaya zaidi, mstari ni mfupi, kwa hiyo unamvuta mtu aandike kwa kifupi: “kumkaribia Mungu”, “kupunguza uzito”, “kuwa karibu na familia”. Hayo ni matamanio mema, lakini hayasemi utafanya nini Jumanne jioni. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mtu akifunga tendo lake na wakati na mahali maalumu, kwa mtindo wa “ikitokea hivi, nitafanya hivi”, hulitimiza zaidi kuliko mwenye nia tupu. Ndiyo maana ukurasa mzuri wa malengo huwa na nafasi tatu kwa kila lengo: baada ya nini, wapi, kiasi gani. Dayari yenye nafasi hizo tatu ni adimu, na ukiipata, ichukue hata kama jalada lake halivutii.

Tuuone mfano kwa karibu. “Kusoma Neno zaidi” iandikwe hivi: “Nikishabandika maji ya chai asubuhi, nakaa kwenye kigoda cha jikoni, nasoma sura 3, Jumapili sura 5.” Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Sura 3 kwa siku 6 na 5 za Jumapili ni 23 kwa wiki, na wiki 52 zinakupa 1,196, yaani unamaliza na unabakiwa na nafasi ya sura 7 tu. Hesabu hiyo inakuonyesha pia kwamba ukiruka wiki nzima huimalizi ndani ya mwaka, na ni afadhali ulijue hilo Januari kuliko kuvunjika moyo Oktoba. Anayeona ni nyingi achukue Zaburi: ziko 150, na 5 kwa siku zinamalizika kwa siku 30. Kwa Mwislamu, Msahafu wa kurasa 604 unagawanyika vizuri kwenye swala: kurasa 4 baada ya kila swala ya faradhi ni 20 kwa siku, na siku 30 ni 600. Dayari zilizochapwa kwa ajili ya Wakristo hazina nafasi ya swala 5, na hilo liko wazi, lakini hata zile zinazojiita za watu wote hazina.

Kuna jambo jingine kwenye ukurasa wa roho. Karibu zote zinahesabu sura, siku za kufunga na sadaka tu. Hivyo vinahesabika kirahisi, ndiyo maana vimewekwa. Lakini ukuaji wa roho una mambo kama kumsamehe ndugu mliyegombana kwenye mirathi, kulipa deni la watu, kukaa kimya dakika 10 mbele za Mungu bila kuomba kitu. Hayo yanaandikika: “Kabla ya mwisho wa mwezi nitakwenda kwa mjomba, nitaanza mimi kusema.” Ukurasa ungekuwa na mstari wa “nani nimwendee”, ungefanya kazi kubwa kuliko vile visanduku vya sura.

Kwenye kufunga nataka niwe mkali kidogo. Dayari zinaweka “siku za kufunga” bila onyo lolote. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla, akatetemeka, akachanganyikiwa, akazimia. Mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo nao waongee na daktari kwanza. Na lengo la roho lisiandikwe kamwe kwa namna ya kuacha dawa. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi, na maelfu ya majirani zetu wanaishi vizuri kwa sababu wanameza dawa kila siku kwa saa ileile. Kumeza dawa ni lengo halali la mwili, na kwa wengi wetu ni jambo la ibada pia. Bado sijaona dayari iliyoweka kisanduku cha tarehe ya kliniki na tarehe ya kupima wingi wa virusi. Kisanduku hicho kingekuwa na faida kuliko ukurasa mzima wa maua.

Sehemu ya mwili ndiyo yenye nafasi nyingi, na ndiyo iliyojaa mapengo. Kipimo kinachotolewa ni uzito peke yake, tena mara nyingine kila siku. Uzito hupanda na kushuka kilo 1 au 2 kwa maji na chakula tu, kwa hiyo anayeupima kila asubuhi atafurahi na kuhuzunika bila sababu. Upimwe mara 1 kwa wiki, kwenye mizani ileile, saa ileile. Pembeni yake ongeza mzunguko wa kiuno, ambao unahitaji tepu ya fundi cherehani tu. Tafuta mfupa wa juu wa nyonga na ubavu wa mwisho chini, pitisha tepu katikati ya hapo, pumua nje kwa kawaida, kisha soma bila kuvuta tumbo. Mwanamume akifika sentimita 94 na mwanamke 80, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari imeanza kupanda.

Shinikizo la damu nalo halipo kwenye dayari nyingi, na palipo na nafasi yake hapana maelekezo. Hapo watu hupotoka: mtu anapanda mlima, anaingia duka la dawa akihema, anapimwa akiwa amesimama, anaandika namba ya kutisha. Namna ya kupima ni hii. Kojoa kwanza. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda uwe juu ya ngozi na si juu ya sweta. Pima mara 2 kwa kupishana dakika 1 na uandike zote mbili. Ikirudia kuwa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, peleka daftari hospitali. Juni na Julai, baridi inapobana na watu wanavaa nguo tatu tatu, lile sweta ndilo linaloharibu kipimo zaidi.

Mazoezi yamewekwa kwa picha za watu wanaokimbia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku 2 za kazi ya kukaza misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Anayepanda daladala kutoka Uyole anaweza kushuka mapema, akamalizia kwa miguu kwa nusu saa jioni. Anayelima tayari amepita kiwango hicho wakati wa palizi na asijilaumu kwa kutokimbia. Kosa la kawaida huku ni kuandika “saa 11 alfajiri” mwezi Januari. Ikifika Juni, na baridi ya Mbeya, Makete au Njombe, lengo limekufa. Andika saa ya jioni tangu mwanzo, au panga mapema kubadilisha saa ikiingia Mei.

Kwenye chakula dayari zinasema “kula mboga”, basi. Kuna kipimo kizuri zaidi ambacho kila nyumba inacho: pakiti ya chumvi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikiwemo iliyo kwenye mkate na chipsi. Nyumba ya watu wazima 5 ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Kukiwa na watoto, ikae zaidi. Andika tarehe kwenye pakiti unapoifungua na tarehe inapoisha. Sukari nayo inapimika hivyohivyo: mwisho wake ni kama gramu 50 kwa mtu kwa siku, na nusu yake ni bora, yaani kilo 1 kwa watu 5 isiishe kabla ya siku 4, na ikifika siku 8 mmefanya vizuri sana. Soda na juisi za dukani zinahesabiwa humohumo.

Wanaoandika “kuhamia dona” wajue linalowarudisha kwenye sembe: unga wa dona una kiini cha mahindi, na mafuta yake huuchachua mapema ukikaa. Saga kidogo kidogo, hifadhi pakavu. Wakisaga gunia zima kwa mara moja, mwezi wa pili ugali unakuwa na ladha chungu na watoto wanaususa.

Pombe imetajwa kwenye dayari chache, kwa neno “kuacha”. Msimu wa mvua, ulanzi (pombe ya mianzi) unapokuwa mwingi Iringa, lengo la kupunguza liandikwe na mahali: “Nikitoka kazini sipitii kilabuni, napitia njia ya sokoni.” Lakini mtu anayekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake, maana anaweza kupata mitetemeko, degedege na kuchanganyikiwa. Aanze na kituo cha afya. Usingizi nao haumo kabisa, wakati mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na malengo yote mengine yanayumba ukikosekana. Chora safu yake mwenyewe pembezoni.

Akili imegeuzwa kuwa “vitabu vya kusoma”. Vitabu ni vyema, lakini afya ya akili ni zaidi ya hapo. Nafasi moja ya kuandika hali ya moyo kila jioni, kwa namba 1 hadi 5, inatosha. Faida yake ni hii: mtu akiona 1 na 2 karibu kila siku kwa wiki 2, hafurahii tena mambo aliyoyapenda, hali chakula vizuri au hapati usingizi mzuri, hiyo ni dalili ya kwenda kumwona mhudumu wa afya. Mchungaji au sheikh aambiwe pia, na mzigo huo usigeuzwe kuwa lengo la “kuomba zaidi” peke yake. Akifikiria kujiua, asisubiri wiki 2. Aende siku hiyohiyo na mtu wa kumsindikiza.

Sehemu ya jamii sina mengi ya kusema. Imeachwa mistari mitupu, na hapo wamefanya vizuri, kwa sababu kila mtu ana jumuiya yake, kikoba chake na wagonjwa wake wa kuwatembelea. Jaza majina, usijaze nia.

Sasa kurasa za kufuatilia. Dayari nyingi zina “Changamoto ya siku 21”, kana kwamba tabia hukamilika siku ya 21. Watafiti wa University College London waliowafuatilia watu 96, matokeo yakachapishwa mwaka 2010, walikuta kwamba tabia mpya ilichukua siku 66 kwa wastani wa kati, na tofauti ilikuwa kubwa: siku 18 hadi 254. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu safari. Ukurasa wa siku 21 unamwambia mtu ameshindwa wakati bado yuko njiani. Visanduku 31 vya mwezi ni bora, mradi ujue kanuni moja: ukiruka leo, kesho fanya hata nusu ya kiasi, usiruke mara 2 mfululizo.

Na ukurasa ninaouona wa muhimu kuliko yote ndio unaokosekana mara nyingi: wa kujitazama kila wiki. Robo saa Jumapili jioni, au Alhamisi usiku kwa Mwislamu, kwa maswali matatu: nini nilikifanya, nini kilinizuia, wiki ijayo nabadilisha saa, mahali au kiasi? Swali la tatu ndilo linaloiokoa dayari isiishie kwenye droo mwezi Machi. Lengo lililokwama wiki 3 mfululizo karibu kila mara lina kasoro kwenye saa au kwenye kiasi. Lipunguze nusu, mtu asijipunguzie heshima.

Tarehe zilizochapwa ni tatizo jingine huku. Januari ni ada za shule, palizi na mbolea ya kukuzia. Mkulima wa mahindi anapata nafuu baada ya mavuno, kuanzia Juni au Julai, na huo ndio wakati wake mzuri wa kuanza. Chagua dayari isiyo na tarehe.

Ubora wa kitu chenyewe unajulikana dukani. Ifungue katikati uiweke juu ya kaunta. Ikijifunga yenyewe, kuandika upande wa kushoto kutakuwa mateso. Andika herufi chache kwa peni ya jeli ukurasa wa mwisho, kwa ruhusa ya muuzaji, ugeuze: wino ukitokeza nyuma, karatasi ni nyepesi na itabidi utumie biki ya kawaida. Pitisha kidole kwenye springi. Ya waya mwembamba hupindika kwenye begi na kurasa zinaanza kukwama. Hesabu miezi 12, maana kuna zinazobaindiwa zikiwa na mwezi mmoja mara 2 au kurasa zimegeuka juu chini.

Kaunta buku ya kwaya 2 ina kurasa 192 na kwa bei iko chini sana. Panga hivi: kurasa 2 kwa kila wiki ni 104, kurasa 2 za visanduku kwa kila mwezi ni 24, kurasa 4 za malengo kila miezi 3 ni 16, kurasa 4 za vipimo. Jumla 148, zinabaki 44 za maombi, mahubiri na mambo ya kushukuru. Unahitaji rula ya sentimita 30 na biki 2, ya bluu na nyekundu. Usichore mwaka mzima kwa mara moja. Chora miezi 3, kisha urekebishe safu zile ambazo hukuzitumia. Ubaya wake ni ukubwa: haiingii kwenye mkoba mdogo, na ikikaa mezani kila mgeni anaifungua. Mambo ya dawa, ndoa na maungamo yaandike kwa alama unazozijua mwenyewe, nukta au herufi moja.

Programu za simu zina kitu kimoja cha thamani, kengele. Nyingi ni za Kiingereza na zinataka kujisajili, na sioni sababu ya kuipa kampuni usiyoijua taarifa za sala zako na ugonjwa wako. Weka kengele ya kawaida ya simu, uandike kwenye karatasi.

Kwa anayeanza, na kwa mkulima, ushauri wangu ni kaunta buku. Dayari ya kuchapwa inamfaa mwenye mkoba na ofisi, aliyeipata isiyo na tarehe, yenye nafasi ya wiki na karatasi isiyovujisha wino. Aliyekwisha kununua ile yenye kasoro asiitupe: abandike karatasi ya A4 iliyokunjwa kwenye jalada la ndani, achore humo safu za usingizi, shinikizo la damu, kiuno na tarehe ya kliniki, na ukurasa wa siku 21 augeuze kuwa maswali matatu ya Jumapili. Wachapaji wa Mbeya na Iringa wakisoma haya, naomba toleo lijalo waondoe maua kurasa 4 tu; nafasi hiyo inatosha kuweka yote niliyoyataja.